Hela za Tabora kwenye kopo la Bibi

Treni ya kutoka Dodoma ilipoiacha Manyoni na kuingia kwenye vichaka vya Itigi, watoto wawili walikuwa bado macho, pua zao zimegandana na kioo cha dirisha. Mkubwa, msichana wa darasa la sita, alikuwa amepewa kazi na Bibi yake kwa simu: aje na simu yenye kamera inayoona vitu vya karibu. Mdogo wake wa darasa la pili alijipa kazi ya kutolala mpaka Tabora. Alishindwa kabla ya Malongwe.

Baba yao naye hakulala, ila kwa sababu nyingine. Kwenye simu yake kulikuwa na ujumbe wa sauti kutoka kwa mdogo wake anayeishi Tabora, na alishausikiliza mara tatu. Baada ya arobaini ya Babu, chini ya kitanda chake lilikutwa kopo la maziwa ya unga lenye hela za Mjerumani. Baba mdogo alipiga picha moja ya hela hizo, akaituma kwa rafiki, rafiki akaituma kwa dalali wa Dar es Salaam. Dalali akajibu siku hiyohiyo. Hela ile, alisema, ina "taji lililohama". Ni kosa la kiwandani, ziko chache duniani, na mnunuzi wa nje yuko tayari kutoa shilingi milioni 40. Kilichobaki ni familia kutuma 250,000, ada ya kupima kwa mashine.

Baba mdogo alikuwa tayari kuuza mbuzi wawili apate ada hiyo. Bibi ndiye aliyezuia. Mbuzi hawatoki bandani, alisema, mpaka mwanangu mkubwa afike.

Anayeingia Tabora kwa treni hushuka kwenye historia yenyewe bila kukata tiketi nyingine. Reli ya kati ilifika hapa mwaka 1912, ikaendelea hadi Kigoma ikafika mwaka 1914, miezi michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Kutoka stesheni kwenda Isevya, familia ilipita chini ya miembe mikubwa ambayo mji huu unajulikana kwayo, baiskeli zikiwapita na madumu ya asali yamefungwa nyuma. Mtoto mdogo aliuliza kwa nini miembe imejipanga kama askari. Dereva wa bajaji akamwambia kwamba watu wa misafara ya zamani walikula maembe wakitembea. Jibu halikueleza mpangilio, lakini mtoto aliridhika.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Mwangaluka! Mmekonda, Dodoma hakuna chakula?"

Kifungua kinywa kilikuwa chai ya maziwa na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa ambavyo wenyeji husema ndivyo vilivyoupa mji jina. Kopo lilikuwa juu ya kabati muda wote, kila mtu akilitazama na hakuna aliyelitaja. Bibi alisubiri vikombe vitolewe, akatandika kanga mezani, akalimimina.

Zilitoka sarafu saba, na kamba iliyotunga senti zenye matundu. Tano zilikuwa kubwa, zimeandikwa 20 na neno HELLER ndani ya shada la majani. Upande wa pili kuna taji, mwaka 1916 na herufi D.O.A. Nne zilikuwa za shaba ya manjano na moja ya shaba nyekundu. Ya sita ilikuwa ndogo, ya hela 5, ya mwaka uleule. Ya saba ilikuwa ya hela 1, nyembamba, ya mwaka 1910, na maandishi yake yalisomeka vizuri kuliko ya zote ingawa ndiyo iliyokuwa ya zamani zaidi.

Hilo la mwisho ndilo lililomshangaza msichana. Iweje ya zamani iwe safi, na iliyokuja baadaye iwe imechafuka hivyo?

Neno hela analitumia kila Mtanzania, na wengi hawajui kwamba ni jina la sarafu hiyo hasa. Wajerumani walipobadili mfumo wa fedha wa koloni lao mwaka 1904, rupia moja iligawanywa kuwa heller 100. Watu wakalifanya neno hilo lao, na sarafu zilipoondoka, neno likabaki. Kwa miaka ya mwanzo sarafu zote zilitengenezwa Ujerumani na kuletwa kwa meli. Ile ya 1910 ina herufi ndogo J, alama ya kiwanda cha Hamburg. Zenye A zilitoka Berlin.

Halafu vita vikaanza. Mwaka 1915 meli za kivita za Uingereza zikafunga pwani, na sarafu mpya hazikuweza kupita. Serikali ya koloni ilikuwa na askari wa kulipa, wapagazi wa kulipa, chakula cha kununua vijijini. Ilichapisha noti za dharura, lakini mkulima anayeuza mtama kwa askari hakuwa na sababu ya kuiamini karatasi ya serikali inayokimbia. Alitaka chuma mkononi. Kwa hiyo mwaka 1916, hapahapa Tabora ambako utawala wa Kijerumani ulikuwa umerudi nyuma, karakana ya reli ikageuzwa kuwa kiwanda cha sarafu. Alama yake ni T. Ilifanya kazi kwa miezi michache tu. Tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo liliingia mjini, na mchezo ukaishia hapo.

Baba yake Babu alikuwa mpagazi. Hii familia inalijua kwa sababu Babu alilisimulia kila mwaka, na kila mwaka kwa uchungu uleule: mzee alibeba mzigo wa watu wasio wake, akalipwa hela 20 za manjano, na Mjerumani alipoondoka alikuta hazinunui hata chumvi. Akazitupia kwenye kopo. Ndiyo maana Bibi alikuwa mgumu kuhusu mbuzi. "Hela hizi zimeshatudanganya mara moja," alimwambia mwanawe mdogo mbele ya watu wote. "Zikitudanganya tena, kosa ni letu."

Aliyeitwa kusaidia hakuwa mtaalamu wa sarafu. Ni jirani, mzee mstaafu wa reli, aliyefanya kazi ya ufundi chuma maisha yake yote. Alikuja na miwani iliyofungwa kamba na hakugusa sarafu hata moja kwa dakika kumi za mwanzo. Aliomba kipande cha sabuni ya mche, kisu kidogo na donge la unga wa chapati.

Kwa kisu akachonga kwenye sabuni taji dogo na chini yake herufi T. Akachukua donge la unga, akalikandamiza juu ya sabuni, akalibandua. Juu ya unga kulikuwa na taji lililoinuka. Watoto wakapiga kelele. Hiyo sabuni, alieleza, ndiyo muhuri. Kiwandani muhuri ni chuma kigumu kilichochongwa picha kwa kuzama, na kisahani cha shaba huwekwa kati ya mihuri miwili na kubanwa kwa nguvu. Kilichozama kwenye muhuri huinuka kwenye sarafu.

Kisha akaivunja kidogo ile sabuni kwa kuipinda, ufa mwembamba ukapita katikati ya taji. Akakandamiza donge jipya. Msichana ndiye aliyeona kwanza: kwenye unga ufa haukuwa ufa, ulikuwa mstari mwembamba uliosimama kama mshipa.

Hapo ndipo mzee alipoomba sarafu. Aliwaambia watoto wawashe tochi ya simu na kuilaza pembeni ya sarafu, mwanga upite juu yake kama jua la jioni linavyopita juu ya matuta, badala ya kumulika kutoka juu. Mikwaruzo yote ikajitokeza. Mmoja baada ya mwingine, watoto walipitisha ukucha. Mikwaruzo mingi ilizama: hiyo ni ya maisha, ya mifuko, funguo na mawe. Lakini kwenye sarafu moja ya manjano mstari kutoka ukingoni hadi kwenye herufi ya mwisho ya HELLER uliinuka. Mkwaruzo hauwezi kuinua shaba. Mstari ule ulikuwa ufa wa muhuri, na ulikuwepo siku sarafu ilipozaliwa.

Mzazi yeyote mwenye sabuni na unga anaweza kulifanya somo hili jikoni, na ni bora kuliko maelezo mengi yanayozunguka mitandaoni kuhusu "sarafu zenye kosa".

Kipimo cha pili kilikuwa kigumu zaidi, na mtoto mkubwa alikosea mara mbili. Sarafu mbili za manjano zilikuwa na maandishi yaliyofifia. Zote mbili zilionekana zimechakaa tu. Mzee akasema hapana, moja imechakaa na nyingine ilizaliwa imechoka.

Alirudi kwenye sabuni. Baada ya kukandamiza unga mara kumi na tano, pembe za taji la sabuni zilikuwa zimelika, na unga wa kumi na tano ulitoka na taji nene, lisilo na ncha. Chuma cha muhuri hufanya vivyo hivyo. Kila kisahani kinapobanwa, shaba hutiririka kidogo kuelekea ukingoni na kusugua chuma njiani. Muhuri uliochoka hutoa herufi nene zilizovimba, kana kwamba zimeyeyuka, hasa zile za karibu na ukingo, na sehemu tupu ya sarafu hupata michirizi myembamba inayoelekea nje kama miale. Sarafu iliyochakaa mikononi mwa watu ni kinyume chake. Inaanza kulika sehemu zilizoinuka zaidi, juu ya taji, juu ya majani ya shada, na panakuwa laini kama kokoto ya mtoni, wakati bondeni katikati ya herufi bado pamebaki pakali.

Simu ya msichana ikawa kazini. Alipiga picha ya herufi zilezile kwenye sarafu zote mbili, akazikuza, akaziweka sambamba. Ya kwanza ilikuwa laini juu na safi chini. Hiyo ndiyo Babu aliyokuwa akiitembeza mfukoni. Ya pili ilikuwa imevimba kila mahali na michirizi ilionekana wazi. Haikuwa imetembea sana duniani.

Ilipofika zamu ya kulinganisha zote tano, mambo yakawa matamu. Kwenye sarafu mbili taji lilikuwa kubwa, kwenye tatu lilikuwa dogo. Kwenye neno HELLER, herufi L za baadhi yake zilikuwa na ncha kali, za nyingine ncha zilijikunja kama mkia wa kinyonga, na moja ilikuwa na L ya pili tu iliyojikunja. Baba mdogo, ambaye mpaka hapo alikuwa amekaa mlangoni akijifanya anasoma simu, alisogeza kiti. Haya si makosa ndiyo? Kila moja tofauti!

Yanajulikana vizuri tu. Wakusanyaji wa sarafu wameyaandika kwenye vitabu vyao kwa miongo mingi: taji kubwa na taji dogo, L za ncha na L za kujikunja. Hata hela 5 ya Tabora ina aina mbili, moja taji lake lina kitako cha bapa na nyingine kitako cha duara. Sababu ni ya kifundi kabisa. Hamburg walikuwa na mashine ambazo kutoka kwenye kielelezo kimoja zilitoa mihuri mingi inayofanana, ndiyo maana hela ya 1910 ya Bibi inafanana na maelfu ya wenzake. Tabora hawakuwa na anasa hiyo. Muhuri ulipopasuka au kuchoka, ilibidi uchongwe mwingine kwa mkono, na mkono wa binadamu haujirudii. Hela 20 za Tabora zilitengenezwa zaidi ya milioni moja, kwa haraka, kwa mitambo ya reli, kwa shaba iliyookotwa popote ilipopatikana, yakiwemo maganda ya risasi kama inavyosimuliwa. Mihuri ilikufa kwa wingi.

Msichana alirudi kwenye swali lake la asubuhi na kulijibu mwenyewe: ya 1910 ni safi kwa sababu ilitoka kiwandani, na ya 1916 imechafuka kwa sababu ilitoka karakana.

Ikabaki ile ya milioni 40.

Ilikuwa ya shaba nyekundu. Taji lake kweli lilikuwa limesogea. Upande mmoja wa sarafu ulikuwa na nafasi tupu ya upana wa punje ya mchele, na upande wa pili vijani vya shada vilikuwa vimekatwa na ukingo. Mzee aliweka donge la unga kwenye sabuni kwa kulipotosha kidogo, akakandamiza, akamwonyesha Baba mdogo bila kusema neno. Taji lilitoka pembeni. Kisahani hakikukaa sawasawa katikati ya mihuri, basi.

Baba mdogo alijitetea, na utetezi wake haukuwa wa kijinga. Si kweli kwamba huko nje sarafu zenye kosa huuzwa ghali? Ni kweli. Marekani kuna senti ya mwaka 1955 ambayo muhuri wake ulipigwa picha mara mbili, maandishi yakatoka kama yanaonwa na mtu aliyelewa, na watu hulipa zaidi ya dola elfu moja kwa senti hiyo moja. Kuna nyingine ya mwaka 1922, kutoka kiwanda cha Denver, ambayo herufi D ilipotea kwa sababu muhuri ulikuwa umechoka mno, nayo hutafutwa. Lakini sarafu hizo zilitoka kwenye viwanda ambavyo kosa lilikuwa nadra. Karakana ya Tabora, kosa lilikuwa kila siku. Kati ya sarafu tano za Bibi, tatu hazikukaa katikati. Hela 20 ya kawaida, iliyochakaa, ikipata mnunuzi mwaminifu, bei yake haifiki ya baiskeli mpya, na taji kusogea kidogo hakuigeuzi kuwa nyumba.

Palikuwa na jambo jingine ambalo hakuna aliyetaka kulitaja kwanza. Ile nyekundu ilikuwa inang'aa. Nyingine zote zilikuwa na rangi ya kahawia iliyotulia, ya miaka zaidi ya mia moja; hii ilikuwa ya waridi kama sufuria mpya, na chini ya mwanga wa tochi uso wake wote ulijaa vikwaruzo vidogo vya duara. Baba mdogo alikiri. Dalali alitaka picha inayoonekana vizuri, akamwambia aisugue kwa limau na jivu.

Mzee alishusha pumzi. Sarafu ya zamani haisuguliwi, hata kwa kitambaa. Ile rangi ya kahawia ni ngozi yake. Ikitoka hairudi, na mkusanyaji makini akiona imesuguliwa huishusha bei au huiacha. Kama kulikuwa na sarafu moja kati ya saba ambayo ingeongeza kidogo kwenye mfuko wa Bibi, ilikuwa hii nyekundu, kwa kuwa za shaba nyekundu zilitengenezwa chache kuliko za manjano. Bibi aliichukua, akaitazama, akairudisha kwenye kanga. Hakumgombeza mwanawe, jambo ambalo kwa Baba mdogo lilikuwa baya zaidi.

Jioni watu wazima waliwapeleka watoto kutembea mpaka stesheni. Ni matembezi mazuri kwa familia, hasa jua linapopungua. Watoto walisimama karibu na njia ya reli na sarafu moja kwenye kiganja, ile yenye ufa, wakijaribu kufikiria kelele za mitambo iliyokuwa ikibana shaba katika mji huu huu wakati majeshi yanakaribia kutoka magharibi na kaskazini. Mtoto mdogo alitaka kujua kama waliokuwa wakiitengeneza walijua kwamba baada ya miezi michache haitanunua kitu. Baba yake alisema pengine waliojua hawakuwa wale waliolipwa nayo.

Njiani Baba mdogo aliuliza kuhusu ile ya tembo, maana kila anayetafuta mali ya Mjerumani porini amesikia habari zake. Ipo kweli. Karakana hiyohiyo ilitengeneza sarafu ya dhahabu ya rupia 15, dhahabu ikitoka mgodi wa Sekenke kule Iramba. Upande mmoja kuna tembo aliyeinua mkonga na mlima nyuma yake, upande mwingine tai wa Kijerumani. Zilitoka takriban 16,000 tu. Nazo zina siri ya mihuri: kwenye aina moja nakshi ya upande wa kulia inaishia chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA, kwenye nyingine inaishia chini ya A inayofuata. Hiyo huuzwa kwa maelfu ya dola, na ndiyo sababu za bandia ni nyingi. Nyingi ya hizo humiminwa kwenye kalibu badala ya kubanwa kwa muhuri, kwa hiyo uso wake hujaa vitobo vidogo vya mapovu, na ukingoni mara nyingine huonekana mshono. Hapo tochi ya kulazwa pembeni na kamera ya simu husaidia sana.

"Ukiipata ya tembo," mzee alimwambia Baba mdogo, "usimpe mtu akaipime usipokuwepo. Na anayetaka kununua mali yako atoe hela yeye. Tangu lini muuzaji akamlipa mnunuzi?"

Usiku walimaliza kamba ya senti. Hizi hazikuwa na hadithi ya uchungu. Ni fedha za Mwingereza, zilizokuja baada ya shilingi kuanza mwaka 1921, zenye matundu ili zitungwe. Kwenye baadhi yake kulikuwa na herufi ndogo H, na msichana, aliyeshanogewa, alidhani amegundua kosa. Ni alama ya kiwanda cha Heaton cha mji wa Birmingham. KN nayo ni Kings Norton, mji huohuo. Kisha akapata senti 10 ya mwaka 1936 yenye jina la mfalme Edward wa Nane, ambaye alitawala chini ya mwaka mmoja, akajiuzulu kabla Uingereza haijaanza kutumia sarafu zenye sura yake. Kwenye senti hizi zenye tundu hapakuwa na nafasi ya sura ya mtu, lilihitajika jina tu, na hivyo jina lake likazunguka masoko ya Afrika Mashariki. Si kosa hilo pia. Si adimu sana. Lakini mtoto aliomba apewe hiyo, na Bibi akaikata kwenye kamba.

Kabla ya kulala, Baba aliketi na mdogo wake uani. Watoto walisikia sauti zikipanda, zikishuka. Baba mdogo alikuwa na deni la mbolea ya tumbaku, hilo ndilo lililokuwa nyuma ya haraka yake, na milioni 40 zilikuwa zimeshamlipia deni hilo kichwani mwake. Alimwona kaka yake kama mtu wa mjini aliyekuja na tochi kumzimia taa. Walizungumza mpaka jiko la mkaa likazima. Asubuhi Baba alikuwa amekubali kuchangia sehemu ya deni, na Baba mdogo alikuwa amekubali kutouza mbuzi. Hakuna aliyefurahi sana.

Bibi aliamua kuhusu kopo bila kuitisha kikao. Sarafu zitabaki Tabora, pamoja. Msichana alipima kila moja kwa rula, akaipiga picha pande zote mbili, tochi imelala, akaandika kwenye daftari: taji kubwa au dogo, L za namna gani, mstari uliozama au ulioinuka. Kila moja ikafungwa kwenye karatasi yake. Ile nyekundu iliandikwa hivi: "Taji limesogea. Imesuguliwa kwa limau, mwaka huu."

Baba mdogo ndiye aliyewasindikiza stesheni na mabegi, na dumu la asali. Treni ilichelewa. Simu yake iliita mara mbili; mara ya tatu akapokea, akasikiliza, akaifunika kwa kiganja na kumgeukia kaka yake.

"Anasema ada imeshuka. Elfu themanini."

Akamsikiliza dalali kidogo tena. Kisha akamuuliza, kwa heshima tu, kama anaweza kumwambia herufi L za ile sarafu zina ncha au zimejikunja. Upande wa pili palikuwa kimya, halafu simu ikakatwa.

Msichana alitaka kujua dalali amejibu nini. Baba mdogo akampa dumu la asali alishike, akapanda behewani kumtafutia nafasi ya dirishani.